Maiki za kurekodi tamasha kwenye balkoni ya kanisa: zifungwe vipi zisimwangukie mtu

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya mmoja wa Ujiji, nalifupisha. Kanisa lao lina balkoni ya nyuma na mbili za pembeni, mwezi wa 12 wana tamasha la kwaya, wameazimwa maiki mbili za kondensa (zile nyeti zinazohitaji umeme wa kuziendesha) na rekoda. Kijana wao wa mitambo kapendekeza wachukue mbao ya mbili kwa nne, itokeze mita mbili nje ya ukingo wa balkoni ya nyuma, ifungwe kwa kamba na tepu, maiki zining'inie juu ya mabenchi. Anauliza kama inatosha, kati ya kamba ya katani na nailoni ya wavuvi ipi imara zaidi, na je, sauti itakuwa nzuri?

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, na asante kwa kuuliza kabla hamjapanda ngazi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu huku Tabora kila msimu wa matamasha naona mambo hayahaya, balkoni nzuri, kwaya zinaimba mpaka nywele zinasimama, alafu anayerekodi anapanda juu na roli ya tepu mkononi basi.

Mbao ile hapana. Sio kwamba mbao ni mbovu, kama ni mninga ni ngumu tu wala haina shida, kinachonitisha ni kwamba mpango mzima umeshikwa na kitu kimoja. Kamba ikilegea mbao inazunguka, ikizunguka maiki zinashuka, na chini pale siku ya tamasha hamna nafasi hata ya kuweka mguu, wamejaa akina mama na watoto. Mimi kuna sharti moja silegezi hata aombe nani: chochote kitakachokaa juu ya vichwa vya watu kishikwe na vitu viwili ambavyo havitegemeani, yani kimoja kikifa kabisa cha pili bado kimeshika. Kama hicho cha pili hamjakipata basi msitundike, wekeni stendi chini, na nitakueleza mbele kwamba stendi ya chini inaweza hata kukupa sauti nzuri kuliko hiyo ya balkoni.

Watu wananiambia maiki ni ndogo, gramu 150 tu, itamfanya nini mtu. Piga hesabu. Kitu kikidondoka toka mita 6 kinafika chini na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa, kiwe chepesi kiwe kizito mwendo ni huohuo, ni mwendo wa bodaboda barabarani, na maiki ni bomba la chuma. Na hutundiki maiki peke yake, kuna kibao cha kushikia maiki mbili, kuna klampu, kuna kebo inayovuta, ukiweka vyote kwenye mzani unapata kilo moja na nusu mpaka mbili bila shida.

Sasa kabla ya kamba na klampu nenda kauangalie ukingo wenyewe. Hapa wengi wanapita haraka. Ukingo wa balkoni umewekwa ili mtu akiegemea asianguke, haukuwekwa ili kubeba mkono unaotokeza nje na kuupindisha. Shika reli kwa mikono miwili, isukume na kuivuta, alafu inama uangalie miguu ya zile nguzo pale zinapoingia kwenye zege. Kama kuna kutu kwenye sehemu za kuchomelea, kama plasta imepasuka kuzunguka mguu, kama reli inacheza hata kidogo, hapo usifunge chochote, na umwambie mchungaji au paroko siku hiyohiyo maana hiyo sio habari ya maiki tena, kuna watu watakaa hapo juu wanaegemea. Kama unaweza mtafute fundi aliyejenga, mara nyingi yupo na anasali hapohapo, atakwambia nguzo zimeshuka sentimita ngapi kwenye zege au zimefungwa na bolti juujuu. Na usitoboe ukuta kuweka bolti yako bila mtu wa ujenzi kukuonyesha wapi kuna zege na wapi kuna plasta tu, bolti ikiingia kwenye plasta inaonekana imekaza vizuri sana mpaka siku inapotoka.

Tuseme reli ni nzima. Sasa huo mkono. Kwanini mita mbili? Mita moja au moja na nusu inatosha kabisa kutoa maiki mbele ya watu waliokaa balkoni, na kila sentimita unayoongeza inaongeza nguvu ya kupinda pale ulipofunga. Chukua paipu nyepesi ya mita moja na nusu yenye kilo 2, mwisho wake ukaweka mzigo wa kilo 1.2. Mzigo ule unapinda kwa kilo 1.2 mara mita 1.5, hiyo ni 1.8, na paipu yenyewe uzito wake uko katikati kwahiyo kilo 2 mara 0.75, hiyo ni 1.5, jumla 3.3. Ukiacha mkia wa nusu mita nyuma ya reli, ili mkono ukae sawa unahitaji karibu kilo 6.6 (3.3 gawanya kwa 0.5) za kuuvuta mkia chini, na hapo mkia wenyewe sijauhesabu. Watu wanaweka jiwe. Usiweke jiwe, jiwe linabiringika, mtoto analisogeza, mtu anapita anajikwaa. Mkia ufungwe chini kwenye mguu wa nguzo kwa mkanda wa kukazia, ule wenye ratcheti wanaofungia mizigo kwenye malori, alafu ndo uongeze mfuko wa mchanga juu kama nyongeza.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuachana na reli ya juu kama egemeo pekee. Unachukua paipu fupi iliyosimama, unaibana kwenye nguzo ya ukingo sehemu mbili, juu na chini, na mkono unatoka kwenye hiyo paipu. Ikibanwa sehemu mbili haizunguki. Klampu zinazofaa ni zile za chuma za kubana paipu wanazotumia watu wa taa na wapiga picha, ile Super Clamp ya Manfrotto kwa mfano inabana kitu cha unene wa milimita 13 mpaka 55 na imeandikiwa kilo 15, lakini hiyo kilo 15 ni mzigo uliokaa vizuri, sio mzigo ulio mwisho wa mkono wa mita moja na nusu. Kama hamna hizo mjini, mchomeleaji anaweza kukutengenezea bano la bamba la chuma na bolti mbili kila upande, muwekee washa za springi ili nati zisijifungue kwa mtikisiko. Katikati ya bano na reli weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unazuia kuteleza na rangi ya kanisa haichubuki. Huo mpira wa tyubu kila mtu huku anafungia kila kitu, kwenye karia ya baiskeli ni mzuri sana, ila juu ya watu kazi yake iwe ni kulaza chuma kwenye chuma tu, usiufanye ndo unashika, ukipata joto wiki mbili unapasukapasuka.

Haya, kamba. Umeuliza katani au nailoni ya wavuvi, nakujibu hakuna kati ya hizo itakayobeba maiki juu ya watu, ila sababu zake ni tofauti na ni vizuri uzijue kwa sababu kesho utaulizwa na wenzio.

Katani ikipata unyevu inavimba na kufupika, ikikauka inalegea, kwahiyo fundo ulilokaza asubuhi sio fundo lile utakalokuwa nalo jioni, na mwezi wa 12 kwenu ni mvua na jua siku moja. Alafu katani inaoza kwa ndani wakati nje inaonekana safi. Nailoni haiozi na ina nguvu kweli, wavuvi wenu wa ziwani wanajua, lakini ina mambo mawili. La kwanza inanyumbuka, unatundika maiki kwenye urefu unaoutaka na baada ya muda imeshuka, na mtu akigusa inachezacheza juu na chini. La pili ule mshipi mmoja mwembamba unaong'aa unateleza, fundo la kawaida linajifungua lenyewe, na hata fundo zuri linapunguza nguvu ya mshipi, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Ukikwaruzwa kidogo na ncha ya chuma unakatika pale pale bila kukupa dalili.

Ila mshipi usiutupe, una kazi yake na hiyo kazi unaifanya vizuri kuliko kitu kingine. Maiki ikining'inia huwa inazunguka, kebo inajisokota inaigeuza, feni inaipulizia, unakuta katikati ya wimbo maiki ya kushoto inaangalia ukutani. Funga mishipi miwili kwenye kibao cha maiki, mmoja uelekee kushoto mwingine kulia, ivute kidogo tu kuelekea balkoni za pembeni ufunge huko, maiki zinatulia na watu chini hawaoni kitu. Mshipi hapo haubebi uzito, unaelekeza tu, ukikatika hakuna linaloanguka. Hiyo tofauti kati ya kinachobeba na kinachoelekeza iweke kichwani muda wote ukiwa juu.

Kinachobeba ni mkono wa chuma na bano lake. Kinachosubiri, yani cha pili, ni waya wa chuma. Nunua dukani kwa vifaa vya ujenzi waya wa kusokotwa wa milimita 3, mpya, usichukue uliotolewa kwenye kitu kingine. Waya mzima wa unene huo unabeba zaidi ya kilo 400 kabla ya kukatika, wewe mzigo wako ni kilo 2, watu wa kutundika vitu kwenye majukwaa huwa wanataka angalau mara kumi ya mzigo na hapa umepita mbali sana. Shida haitakuwa waya, itakuwa ncha zake. Ncha inakunjwa kitanzi na kubanwa na klipu za U, weka tatu sio moja, na ile pete ya chuma yenye mfereji uiweke ndani ya kitanzi waya usikunjike kwa ukali. Klipu ina upande wa tandiko na upande wa U: tandiko likae kwenye waya unaobeba mzigo, U ikae kwenye ile ncha iliyorudi. Nimeona nyingi zimegeuzwa, U inauponda waya unaobeba na hapo nguvu inapungua sana, na kwa macho huwezi kuona tofauti mpaka usogee karibu. Ukishakaza, vuta kwa uzito wako mwenyewe ukiwa chini, alafu kaza tena nati maana waya unajikunyata kidogo ukishavutwa.

Waya huo ufungwe wapi? Sio kwenye bano lilelile. Hapa ndo watu wanapoteza maana yote, wanafunga mkono kwenye bano, alafu usalama nao wanaufunga kwenye bano, bano likitoka vyote vinaondoka pamoja. Zungusha waya kwenye nguzo nyingine ya ukingo, au kwenye nguzo ya zege ya kanisa kama iko karibu, upitie kwenye mkono na uende mpaka kwenye kibao cha maiki, uunganishe na karabina, ile pete ya chuma inayofunguka, yenye skrubu ya kufunga. Na uwe mfupi. Usiache umelegea nusu mita eti usionekane. Mzigo wa kilo 1.5 ukianguka sentimita 50 alafu waya ukausimamisha ndani ya sentimita 2, nguvu inayopiga pale ni kama kilo 39 kwa wastani, ukianguka sentimita 5 tu ni kama kilo 5 na kidogo. Waya uleule, klipu zilezile, tofauti ni ulegevu tu.

Alafu kuna sehemu watu hawaifikirii kabisa, maiki yenyewe kwenye klipu yake. Ile klipu ya plastiki ndo kitu dhaifu kuliko vyote mlivyotundika, maiki inachomoka kwa kuteleza. Kila maiki iwe na kamba yake nyembamba, nyuzi ya poliesta ya kusokota inatosha, inazungushwa kwenye mwili wa maiki nyuma karibu na plagi na kufungwa kwenye kibao. Angalia pia thredi za kishikio cha maiki, kuna za inchi 5/8 na za inchi 3/8, na kile kipete cha kubadilishia kisipokazwa vizuri kinajifungua taratibu maiki inapozunguka, kaza kwa plaizi sio kwa vidole. Kuna maiki zimetengenezwa kuning'inia kwa kebo yake yenyewe, mfano PRO 45 ya Audio-Technica au MX202 ya Shure, hizo ni nyepesi mno na kebo zake zimeandaliwa kwa kazi hiyo, siku kanisa likipata hela ya kununua za kudumu fikirieni hizo. Za kwenu za kuazima sizo, msizining'inize kwa kebo.

Tepu nyeusi ya umeme kwenye joto gundi yake inayeyuka, inateleza, inaacha utelezi kwenye kebo za watu. Zile tai za plastiki ni nzuri kwa kupanga kebo, ila zilizokaa juani zinakauka na kukatika, kwahiyo zipange kebo tu na zisibebe. Kebo yenyewe ipite juu ya mkono, ifungwe kila baada ya sentimita 30 hivi, na ikifika balkoni uizungushe kwenye nguzo mara moja ndo iendelee, ili mtu akiikanyaga au kuivuta huko nyuma isivute maiki. Kebo za maiki za XLR, zile za plagi ya pini tatu, zinakwenda mita 50 bila kuharibu sauti kwahiyo usihangaike kukatisha njia ya mkato katikati ya watu, izungushe pembeni na ukutani. Iachane na waya wa umeme, vikikutana vikatane kama msalaba, visilale pamoja.

Siku ya kufunga ni siku nyingine, sio siku ya tamasha. Chini kuwe hamna mtu, mabenchi matatu yawekewe kamba ya kuzuia na mtu mmoja asimame hapo kazi yake iwe hiyo tu, vijana wa kwaya wanapenda kuja kuangalia. Wewe uliye juu kila kifaa kilicho mkononi, spana, plaizi, kiwe kimefungwa na kamba kwenye mkono au mkanda wako. Usiegemee nje ya ukingo. Mkono mzima uunganishwe ukiwa ndani ya balkoni, maiki, kebo, waya wa usalama, vyote, alafu ndo usukumwe nje na watu wawili, na waya wa usalama uwe umeshafungwa kabla mkono haujavuka ukingo. Ukishamaliza utingishe kwa nguvu, subiri usiku upite, asubuhi uguse kila nati. Na watoto wanaokaa balkoni siku hiyo, weka mzee wa kanisa akae pale kwenye mkono, asisogee.

Kuna mtu atakuja na wazo la kuvuta waya toka balkoni ya kushoto mpaka ya kulia na kutundika maiki katikati. Ni njia nzuri na wakubwa wanaitumia, ila atakwambia waya uvutwe unyooke kabisa upendeze, na hapo ndo kuna hatari. Waya ukivutwa mpaka umelala nyuzi (digrii) 5 tu, mzigo wa kilo 2 katikati unavuta kila upande kwa karibu kilo 11.5. Ukizidi kuunyoosha inapanda kwa kasi. Kwenye upana wa mita 12, nyuzi 5 ni kushuka kwa nusu mita, kwahiyo uache ushuke hata mita moja, utavuta nusu ya hapo. Na ufungwe kwenye nguzo za zege, sio kwenye reli zinazoangaliana, utazivuta zije ndani.

Sasa sauti, maana hilo ndo lilikupeleka juu.

Balkoni ya nyuma kwa kwaya ni mbali, mwalimu. Kama toka pale mpaka wanapoimba ni mita 18, unachorekodi zaidi ni kanisa, mwangwi wa kuta na bati, maneno yanapotea. Kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inayokuja moja kwa moja inashuka desibeli 6, mwangwi wenyewe haushuki hivo, uko karibu sawa kanisa zima. Na kuna la pili, kwaya ya upana wa mita 8 ukiiangalia toka mita 15 ni nyuzi kama 30 tu, wakati mpangilio wa ORTF uliotokana na redio ya Ufaransa, maiki mbili zimeachana sentimita 17 na zimefunguka nyuzi 110, unategemea waimbaji wajaze nyuzi karibu 96. Kwahiyo sauti ya kwanza na besi zote zinajikusanya katikati, kushoto na kulia unabaki na mwangwi. Ukilazimika kubaki nyuma ziachanishe maiki zaidi, sentimita 40 au 50, na uzikunje zielekee kwaya zaidi. Hapo utapata upana kidogo lakini ukaribu huupati.

Mimi ningekuwa wewe ningetumia stendi. Stendi ndefu ya chuma iliyosimama kwenye njia ya katikati, mita 3 au 4 mbele ya safu ya kwanza ya waimbaji, maiki ziwe juu mita 3 hivi zikiinama kidogo kuangalia safu ya katikati, ORTF kamili. Miguu yake ifunguliwe yote na kila mguu uwekewe mfuko wa mchanga, mguu mmoja uelekee upande maiki zinapoinamia, na izungushiwe viti viwili vitupu ili wanaoleta sadaka wasipite karibu. Mama mmoja akiwa na kitenge kilichoning'inia akapita pale haraka anaondoka na kebo, kwahiyo kebo ilazwe chini ya mkeka au zulia mpaka ukutani. Ikianguka hiyo stendi bado ni hatari, ndo maana ya mchanga, lakini haiangukii watu toka mita 6.

Kama mchungaji hataki stendi katikati, na wengi hawataki kwa sababu ya picha na maandamano ya kuingia, basi balkoni ya pembeni iliyo karibu na madhabahu ndo ifuate. Pale unaweza kuwa mita 6 au 7 toka kwa kwaya. Stereo haitakuwa sawasawa kushoto kulia lakini maneno utayasikia, na mkono unaweza kuwa mfupi, mita moja, jambo ambalo kwa usalama nalipenda.

Angalia pia kama kwaya zinaimba na spika. Kama kuna kinanda, gitaa la besi, ngoma na spika kubwa mbili mbele, basi maiki za balkoni zitarekodi spika. Hapo chukua sauti toka kwenye mikisa iingie rekoda kwenye chaneli nyingine, na maiki za balkoni zikupe watu, vigelegele na upana wa kanisa. Ukija kuchanganya nyumbani ucheleweshe sauti ya mikisa, kwa sababu sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde, mita 20 ni karibu milisekunde 58, usipochelewesha utasikia kila neno mara mbili na utadhani ni mwangwi wa kanisa kumbe ni wewe. Pima umbali kwa futi kamba, kila mita moja ni karibu milisekunde 2.9.

Balkoni inatikisika pia. Watu wakisimama na kucheza pale juu reli inapeleka mtikisiko mpaka kwenye maiki, utasikia dum dum ambayo hamna aliyepiga. Vishikio vya maiki vyenye mipira ya kunesa vinasaidia, na kile kichujio cha besi kwenye maiki au rekoda ukiwashe kwenye hezi 80 hivi. Chagua maiki za kadioidi, zile zinazosikia mbele na kuziba nyuma, mgongo wake uangalie watu wa balkoni, minong'ono itapungua. Feni zilizo karibu zizimwe wakati wa nyimbo taratibu, muombe mzee wa kanisa, ni dakika chache.

Maiki za kondensa zinahitaji volti 48 toka kwenye rekoda, hakikisha rekoda mliyoazimwa inazitoa na mjue inakula betri haraka ikizitoa. Mi siwezi kurekodi tamasha nikitegemea umeme wa ukutani peke yake, weka paua benki iliyojaa na betri za akiba mfukoni. Rekodi biti 24 kwa kilohezi 48, kwa stereo ni karibu GB 1 kwa saa, kadi ya GB 32 inakumaliza siku nzima. Geini, yani kiwango cha kukuza sauti kwenye rekoda, uiweke wakati kwaya kubwa zaidi inafanya mazoezi na mmewaomba waimbe ule wimbo wao wa mwisho kwa nguvu zote, kilele kigonge kwenye desibeli -12, maana siku yenyewe wataimba juu zaidi.

Na mvua ya mwezi wa 12 kwenye bati haina dawa, ikianza muombe mshereheshaji aongee kidogo au waweke hubiri hapo. Kukianza radi za karibu zima na uchomoe kila kitu kilicho kwenye umeme.

Kushusha ndo wakati watu wamechoka na wana haraka ya kula pilau. Subirini mpaka mabenchi ya chini yawe matupu kabisa, wazuieni wale wanaobaki kusalimiana, mkono urudishwe ndani ya balkoni kwanza ukiwa na waya wake wa usalama bado umefungwa, maiki zitolewe zikiwa ndani, na waya wa usalama uwe wa mwisho kufunguliwa. Kabla hamjaanza hata kununua waya, nitumie unene wa paipu ya reli, kimo cha balkoni toka chini na umbali toka balkoni ya pembeni mpaka wanaposimama sauti ya kwanza, nikupigie hesabu ya mkono.